Kinyume na Maelekezo

Bi Mabawa hakuwa na mzani wa gramu, hakuwa na kipimajoto, hakuwa na mashine ya kuchanganyia chakula, wala mtu wa kumsomea karatasi ya maelezo iliyokuja kwa lugha ya kigeni. Alikuwa na kijiko, beseni na maneno ya bwana mifugo: koroga kimeng'enya kwenye maji ya moto, nyunyizia pumba, lisha.

Alifanya hivyo siku ishirini. Mahindi yalikuwa hayashikiki kwa bei, zimebaki pumba, na aliambiwa unga ule mweupe wa kimeng'enya ungewasaidia kuku kuzisaga tumboni. Sasa kuku wa nyama wa wiki tano walikuwa wepesi kama njiwa, kinyesi kimewaganda nyuma. Asubuhi hiyo mnunuzi aliinua wawili tu, akageuza gari.

Bwana mifugo huyo, wa ushirika, alimkuta akikoroga. Alichovya kidole kwenye beseni, akakitoa upesi.

"Mama, umekiua. Kimeng'enya hakitaki moto."

"Ulisema maji ya moto, baba."

"Nilisema ya vuguvugu."

Bi Mabawa alimgeukia wifi yake, aliyekaa naye benchi moja siku ya mafunzo. "Wifi, alisemaje?"

Wifi alikuwa akifagia mahali alipokwisha kufagia. "Siku ile nilikuwa na mafua. Masikio yameziba, hata ningetukanwa ningeitika abee."

Vifaranga ambavyo wifi angepewa na ushirika vilikuwa vitolewe Jumatatu, kwa saini ya bwana mifugo huyo huyo.

"Njia ni mbili," alisema bwana mifugo, akitoa karatasi na bahasha. "Ukilalamikia mafunzo, kamati itakaa, na mpaka ikae banda lako litaota uyoga. Ukikiri kosa ni lako, Jumatatu unapata vifaranga vingine. Andika, nikutajie."

"Na wengine uliowafundisha?"

"Nao wataandika za kwao."

Bi Mabawa aliweka karatasi juu ya gunia la pumba. *Mimi mfugaji nilitumia maji ya moto kinyume.* Hapo kalamu ilisimama.

"Na maelekezo," bwana mifugo alimsaidia kwa upole. "Ma-e-le-ke-zo."

"Kuandika najua, baba."

Alimaliza, akatia saini, akalamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kiganja. Akamnyooshea.

"Usinipe mimi, itaonekana nimekulazimisha. Ipelekwe na shahidi."

Wifi aliegemeza ufagio ukutani. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, bila kumtazama, akashika njia ya ofisi ya ushirika.