Kanisa Yote Ilisema Amen

Hii habari utaikataa, na minye sitakukasirikia. Lakini soma kwanza. Hapa Kavimvira, kando ya ziwa, kanisa nzima, yenye kujaa walobaji, bale wavuvi, na bibi zao, ilimuomba Mungu afunge samaki. Na mwenye aliongoza ile maombi alikuwa na miaka sita, hana meno ya mbele.

Jina yake Shalom. Papa yake, Michée, analobaka ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, na ku ekipe yake njo yeye anaangaliaka taa. Ile kazi inataka giza. Taa inawaka juu ya maji, ndagala zinakuja kuishangaa, wavu inazipandisha. Sasa mwezi ikiwa kubwa, ziwa lote linang'aa, ndagala haziangalie tena taa ya muntu. Mitumbwi inalala ku mchanga, walobaji banashona nyavu, na usiku banabaki ku nyumba kama bantu wengine.

Zile siku zingine, za giza, Michée na mwana wake banapishana tu ku mulango. Mutoto anarudi ku masomo, papa ameshavaa koti. Mutoto anaamuka, papa njo anaanza kukoroma. Siku moja mwalimu aliuliza: "Shalom, papa yako anafanyaka kazi gani?" Mutoto akasimama, mikono nyuma: "Ni popo. Analalaka muchana, anatoka magaribi." Darasa ilicheka paka mwalimu mwenyewe akatoka inje. Honorine, mama ya mutoto, alipomuambia Michée, Michée na yeye alicheka. Kisha akasukuma sahani ya ugali pembeni.

Ile mwezi ilipokuwa kubwa, Shalom alimushikamania papa yake kama gundi. Alivaa botte za papa, zikamufika ku mapaja, akatembea nazo paka ku ziwa kama askari mwenye kukosa magoti. Michée akamuosha kichwa.

"Papa, samaki zinakojoaka wapi?"

"Mule mule mu maji."

Shalom akatema maji yote yenye ilikuwa mu kinywa. "Na muliniacha ninywe tangu niko mudogo?"

Michée alicheka paka sabuni ikamuponyoka ikaenda na maji.

Sasa Siku ya Mungu ikafika. Ku kanisa yao batoto banapewaka nafasi ya shukrani. Huyu anashukuru juu ya kupona malaria, huyu juu ya bulletin ya masomo. Shalom akachukua mikro kwa mikono miwili.

"Minye niko nashukuru Mungu juu ya mwezi. Mwezi ikiwa kubwa, papa yangu iko ku nyumba. Mungu, usiizime tena. Kwa jina ya Yesu."

"AMEN," kanisa ikajibu.

Muntu akisema kwa jina ya Yesu, kinywa inajibu yenyewe, unajua. Walobaji balisema amen. Ba mama benye kuuzisha ndagala balisema amen, mikono juu. Bonaventure, mwenye mitumbwi, alisema yake kwa nguvu kupita bote. Ni nyuma tu njo bantu balianza kuangaliana.

Mwezi ikapunguka kama kawaida. Ekipe zikaingia ku maji, zikarudi bila kitu. Zikaingia tena, tena bila kitu. Mahali ba mama banaanikaka ndagala, sasa bata tu njo zilikuwa zinatembea. Bantu balicheka kwanza, kisha hawakucheka tena.

"Amen ya kanisa nzima, unazani ni muchezo?" Libérat, mwenzake wa ekipe, alimuuliza Michée.

"Weye pia uliisema."

"Njo maana niko naogopa."

Bonaventure akamuita Michée pembeni. "Papa Shalom, minye sina kesi na mutoto. Lakini walobaji bangu banakataa kuingia ku maji na weye. Mutoto aombe ingine maombi. Asipoomba, nitaweka muntu mwingine ku taa."

Michée akarudi ku nyumba, akamukalisha mutoto ku kiti, akamuelezea.

"Papa, Mungu atasema minye niko kigeugeu."

"Mungu ameshazoea."

Shalom akafikiri, ulimi mu pengo ya meno. "Nikiomba samaki zirudi, weye utarudi popo."

Michée akaangalia koti yake ku musumari. Mutoto akamuhurumia. "Sawa, nitaomba. Lakini ile siku nitaomba, weye usiende. Siku moja tu, papa."

"Nimekubali."

Siku ya maombi, saa ya tisa muchana, kanisa ikajaa kuliko Noeli. Shalom akashika mikro.

"Mungu, mwezi yako ni muzuri, haina kosa. Lakini benzangu banalala njaa. Utume samaki. Papa yangu amesema leo analala na minye. Kwa jina ya Yesu."

Safari hii bantu balipima kila neno kwanza. Pasta akawaangalia. "Tuseme?" Mama mumoja akaitika kwa kichwa. Njo amen ikatoka, polepole.

Balipotoka inje, ndege nyeupe zilikuwa zinashuka ku maji, nyingi, zinapiga kelele. Kila muntu wa hapa anajua ile kitu inasema nini: samaki ziko karibu. Bonaventure akakimbia na viatu mu mukono.

"Papa Shalom, lete koti. Leo itatoka."

"Leo hapana, patron. Nilimuahidi mutoto."

"Unajua ku nyumba yako kunabaki nini mu sufuria? Mutoto atasahau kesho."

Michée alijua sufuria ni tupu. Fiston, kijana wa Libérat, alikuwa ameshasimama tayari kushika taa. Na Shalom hakulia, hakuomba. Alimushika papa yake kidole, akaangalia chini.

"Muende na Fiston," Michée akasema.

Asubuhi ba mama baliimba ku mchanga. Mitumbwi ilirudi maji inakaribia kuingia, kwa uzito ya ndagala. Honorine alisimama ku mulango akasikiliza zile nyimbo za wengine, akamuangalia bwana yake, akaenda kuosha sufuria tupu. Ku kitanda Shalom alikuwa bado amelala, muguu juu ya tumbo ya Michée. Na ile muguu ilikuwa ndefu. Ilianza kuwa ndefu lini? Michée aliipima na mukono, akasikia asante inapanda mu kifua bila kuitafuta.

Mutoto akafungua jicho moja. "Papa, uko?"

"Niko."

"Lala basi. Unanisumbua."

Sasa weye, na sufuria yako tupu, ndege zile juu ya maji, na kidole yako mu mukono ya mutoto, ungefanya nini?