Taa Haipendi Marashi

Tone la marashi lilipogusa taa, kioo kilipasuka kwa mlio mkavu, ta! Vipande vikaanguka kwenye kona tupu ya ua.

Wanawake waliruka nyuma. Kisha wakacheka, maana taa haikuzimika. Kichupa cha ndani kiliendelea kuwaka, tena kwa ukali kuliko mwanzo, na kuta zikang'aa weupe wa kuumiza.

"Mwaona!" Mahira, shangazi wa bi harusi, alisema kutoka roshanini, mrashi wa fedha ungali mkononi. "Nimeirashia marashi, imefurahi!"

Vigelegele vikapigwa. Nekesa, mwangalizi wa taa, hakupiga. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi kuu kando ya mlango, akaizima.

Giza likameza ua mzima.

"Mama Ken! Mbona waizima, na yawaka?"

"Yawaka, Bi Mahira, lakini yaunguza. Kioo cha nje ndicho kizuizi chake. Kikivunjika, mwanga hutoka na ukali wote, kama wa mtu anayechomelea chuma. Sasa hamtahisi kitu. Mkishalala ndipo macho yatakapojaa mchanga, na kesho bi harusi hataweza kumtazama mumewe."

"Si heri!" sauti ikatania gizani. "Aanze kwa kumzoea sauti, uso atauzoea baadaye!"

Kicheko kilipopungua, Bi Ummulkheir, nyanya wa bi harusi na mwenye nyumba, alikuja na kandili. Aliinama karibu na Nekesa.

"Mwanangu, watu wako vichwa wazi, na simu zote zimo kapuni mlangoni, wasipigwe picha. Nikimwita fundi mwanamume, itabidi wajifunike, na kupamba kwetu kumeharibika. Waweza, huwezi? Niambie kweli."

"Naweza," alisema Nekesa.

Taa ile aliitundika Wekesa, mumewe, fundi wa taa za bandarini. Mchana aliingia mwenyewe kuikagua. Jioni za kupamba bi harusi, wanaume walipotakiwa kutoka, alikaa kwenye baraza ya nje na Nekesa akaingia badala yake. Kukitokea hitilafu, walisemezana ukuta ukiwa kati yao: yeye aliuliza, Wekesa akajibu. Taa ikishika, Nekesa aligonga ukuta, na Wekesa akagonga kutoka upande wake.

Sasa baraza ilikuwa tupu. Tangu mazishi yake, watu wa mtaa wa Bondeni walisema kazi ya taa imezikwa na mwenyewe. Ni Bi Ummulkheir peke yake aliyemwita. Ikimshinda leo mbele ya wanawake wa mji, hakuna atakayemwita tena.

Kikapuni mwake mlikuwa na taa moja ya akiba, ya mwisho aliyoinunua Wekesa. Madukani siku hizi huuzwa za aina nyingine. Ilifungwa ndani ya kisutu, leso nyekundu ya harusi aliyomnunulia Biashara Street. Nekesa hakuwahi kuifungua. Fundo lilikuwa la mkono wa Wekesa.

Alisubiri ile iliyovunjika ipoe. Akapanda ngazi, akaikamata kwa kitambaa kinene, akaizungusha taratibu mpaka ikatoka. Akaikagua kwa kandili.

"Kichupa ni kizima, zebaki ingali ndani," alisema akishuka. "Hii haitupwi jaani. Nitaondoka nayo."

Kisha akalishika lile fundo. Lilikuwa gumu. Akalivuta kwa kucha, likakataa. Akainamisha uso, akalifungua kwa meno.

Alipomaliza kuikaza taa mpya, alikagua nyaya za choki, lile boksi zito linalozuia umeme usiingie kwa pupa. Akashuka, akawasha.

Choki ikanguruma. Juu kikatokea kimwanga cha zambarau, dhaifu kama ua lililonyauka.

"Imekufa hiyo!" Mahira alishuka roshanini mbio, mkono mbele. "Izime, uiwashe tena!"

Nekesa aliiegemea swichi kwa mgongo. "Usiiguse, Bi Mahira. Zebaki yapata joto kwanza, igeuke mvuke. Mwanga unatoka humo. Ukiizima ikiwa moto, haitakubali kuwaka mpaka ipoe, na tutaanza upya. Imbeni."

"Tuimbe, na hatuonani?"

"Kwani mwaimba kwa macho?"

Bi Ummulkheir ndiye aliyeanza kucheka, na ndiye aliyeanza wimbo. Tari likadakia. Zambarau ikawa samawati, samawati ikaanza kuwa nyeupe. Nyuso zikatokea moja moja, kama watu wanaoingia mlangoni. Mwanga ulipokomaa, Jihan, bi harusi, alikuwa katikati ya ua, mikono mbele, hina yake nyeusi tititi.

"Hina imekolea!" Mahira akapaza sauti, na safari hii mrashi aliushika chini, mbali na taa.

Nekesa alitabasamu. Weusi ule ulikuwa wa taa, si wa hina. Mwanga huu haujui wekundu, Wekesa alizoea kusema. Hata kisutu mkononi mwake kilionekana rangi ya kahawa, na pembe moja ilibaki na makunyanzi, mahali palipokuwa na fundo.

Alikifunga kiunoni. Kisha, kwa mazoea, akainua mkono, akagonga ukuta.

Ngoma ilipamba moto nyuma yake. Aliuacha mkono pale pale, kiganja wazi. Jiwe lilikuwa lingali na joto la jua la mchana.