Wanataka Sura ya Beldina

Griffins alitua kutoka ofisi ya shirika la misaada ya Riyadh na shati la pasi, akapanda ngazi za lile jengo la mtaa wa Karantina akihema, na kabla hajapewa hata maji akauliza, "Nani kati yenu alipigwa na kafili?"

Wanawake chumbani wakainamia mboga zao. Humo mlikuwa na mwiko mmoja tu: mwanamke aliyetoroka nyumba ya kafili, mwajiri wake, haulizwi kitu. Anapewa kisu na fungu la mboga, akate. Siku atakayosema, atasema. Jerioth na wenzake walianzisha chumba hicho kwa michango ya mishahara ya udobi, na wanawake wangapi walikuwa wamerudiwa na akili zao hapo, bila ofisi ya mtu!

"Kaka, keti kwanza," Jerioth akasema. "Tuliomba kodi ya mwaka. Umeleta?"

"Pesa iko, dadangu. Ila wafadhili wanataka ushuhuda. Sura moja tu."

Simu yake ilishapiga picha. Ilimpiga Beldina, kisu mkononi, wiki mbili tu tangu atoroke nyumba ya mtaa wa Bani Malik, na kafili wake akimsaka mtaa kwa mtaa.

Damu ikampanda Jerioth. Hakuwa amemsahau Maryann, aliyewahi kujificha humo humo. Walikuja wengine hivi hivi, na tabasamu hili hili, wakampiga picha, wakaapa haitatoka kwenye ripoti. Siku ya nne bosi wake alisimama mlangoni na picha ileile kwenye simu. Wale wa ripoti walipata fedha zao. Maryann hakuonekana tena.

"Futa."

"Tutamziba macho, dada..."

"Mtu aliyemlaza jikoni mwaka mzima atamjua hata kwa kidevu! Futa, yalla, nikiona!"

"Bila picha, halas, mradi unafungwa. Mimi natumwa tu."

"Hata mbwa hutumwa!" sauti ikadakia kutoka jikoni.

Griffins akafuta, masikio yamemwiva, akashuka na fomu zake.

Mwisho wa mwezi kodi ikakosekana, chumba kikarudishwa kwa mwenyewe. Wakagawana watu: wawili kwa Wasudani wa ghorofa ya chini, mmoja kwa mama Mhabeshi, Beldina kwenye godoro la Jerioth, huko anakolala. Sufuria kubwa na mtungi wa gesi vikashushwa na wanawake wanne, na Jerioth, mbele yao, akamtukana mfadhili kila kidato, ghorofa tatu nzima, bila kurudia tusi.