Mada Iliyotolewa Uvunguni

Usiku wa jana niliota, na naomba mnisikilize kwanza kabla ya kucheka, kwamba kompyuta yangu imegoma kuingia ukumbini.

Ni kompyuta ya miaka kumi na miwili. Duka moja hapa Morogoro lilikuwa linaitupa, nikaiomba, nikaiwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ikafufuka. Mwezi uliopita niliipeleka kwenye kikundi chetu cha watumiaji wa Linux, nikasimama mbele ya watu niwaonyeshe namna ya kufufua kompyuta zilizochoka. Nikaiwasha. Skrini ikawa nyeusi tii. Nikabonyeza kila mahali huku jasho likinitoka, mwisho nikasema maneno ambayo kila mwanachama ameshawahi kuyasema na kila mwanachama huyacheka: "Lakini kwangu inafanya kazi!"

Walicheka mpaka mwenyekiti wetu, Bwana Kobelo, akavua miwani kujifuta machozi. Halafu akanipa nafasi nyingine, leo Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndiyo maana jana kabla ya kulala niliandika ujumbe kwenye simu: "Mwenyekiti, naumwa tumbo, sitaweza kuja." Sikuutuma. Niliuacha palepale, nikaiweka simu karibu na mto.

Basi, katika ndoto, kompyuta imesimama mlangoni mwa ukumbi, imejifunga khanga ya mama.

"Siingii," inasema. "Kuna watu."

"Ni thelathini tu."

"Mimi nimezoea mmoja."

Mwenyekiti anakuja kuuliza kuna tatizo gani. "Kwangu inafanya kazi," najibu. Sijui kwa nini nimeyarudia maneno yale. Ulimi wangu hauna adabu.

Safari hii hacheki mtu. Mwenyekiti anafungua katiba ya kikundi, anasoma, anaifunga. "Kwako inafanya kazi?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Basi twende kwako."

Na tuko kwetu. Hatukutembea hata hatua moja. Ukumbi umekuwa chumba changu, chenye kitanda kimoja na kabati lisilofunga, na watu wote thelathini wamo, pamoja na viti vyao. Dada Asteria, katibu wetu, anazungusha karatasi ya mahudhurio. Kabati linasaini. Linauliza pale kwenye namba ya simu lijaze nini, Dada Asteria analiambia lipige mstari tu. Projekta ya kikundi imekaa kitandani, imekunja nne.

Mlango unagongwa. Anaingia mtu mfupi aliyevaa suti, ameshika tumbo.

"Karibu. Wewe ni nani mwenzetu?" anauliza Dada Asteria.

"Mimi ni ujumbe wa Tunu," anasema akiugulia. "Wa kwenda kwa mwenyekiti. Nimeandikwa tangu jana, sijatumwa. Naumwa tumbo."

Namkonyeza anyamaze. Ananitazama kwa huruma, lakini tumbo ni tumbo.

"Ujumbe wa kuja kwangu?" anasema mwenyekiti, na ananyoosha mkono aupokee.

Hapo nilijua kabisa kwamba akiupokea, leo nimepona, lakini kwenye kikundi kile sitarudi tena maishani. Na ninakipenda. Ndiyo mahali pekee ambapo naweza kuongelea kompyuta saa nzima bila mtu kunipigia miayo usoni.

Aliyeniokoa ni mama. Mama si mwanachama, ila hawezi kumwona mgonjwa akanyamaza. Anatoka jikoni, anamshika mgeni mkono kabla ya mwenyekiti, anamkalisha juu ya ndoo. "Kaa hapa baba, nikuletee chai ya tangawizi. Mambo ya kutumwa baadaye."

"Haya, Dada Tunu, anza," anasema mwenyekiti.

Nageuka. Kompyuta haipo. Uvunguni mwa kitanda naona kijitaa kinawaka na kuzima.

"Toka," naiambia.

"Huna ruhusa."

Mtu yeyote wa Linux ameshajibiwa hivyo na kompyuta yake. Maana yake ni kwamba wewe si mkubwa humo ndani. Mkubwa ni mmoja tu, na amri yake haikataliwi. Mwenyekiti anakohoa. "Nani mwenye mamlaka yote ndani ya nyumba hii?"

Watu thelathini wanamgeukia mama. Kabati nalo linamgeukia.

Mama anaweka kikombe chini. "Nikiiamuru itatoka," anasema. "Lakini siiamuru. Na msiilaumu. Huyu Tunu alipokuwa darasa la pili alikuwa anakariri shairi zima akiwa na mimi jikoni. Mgeni akipiga hodi tu, yuko uvunguni. Kompyuta imemfuata mwenyewe."

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Na kwa kuwa sina pengine pa kuuweka uso wangu, naingia uvunguni.

Mle ndani kuna kandambili moja, vumbi, na kompyuta.

"Unaogopa nini?" naiuliza.

"Watauliza kitu nisichokijua."

"Hata mimi."

"Basi sogea kidogo, unaniziba feni."

Nje nasikia kishindo. Ni watu thelathini wanalala kifudifudi. Uso wa mwenyekiti unatokea ukingoni mwa uvungu, miwani imekaa upande. "Hapa tunakusikia vizuri," anasema. "Endelea."

Naendelea. Nasimulia nilivyoipangusa vumbi la miaka, nilivyoiwekea Linux mara nne ikaikataa mara tatu, nilivyokesha. Na kompyuta, ikisikia habari zake mwenyewe, inaanza kuwaka. Kwanza buluu, kisha nyeupe, kisha uvungu wote unang'aa na vumbi linacheza. "Hapo kwenye kukesha umeongeza chumvi," inaninong'oneza. Watu wanacheka, na safari hii wanacheka na mimi. Kabati linapiga makofi kwa milango yake miwili. Nina furaha, nina furaha mpaka miguu yangu inapigapiga chaga za kitanda.

"Maswali," anasema mwenyekiti.

Projekta inanyoosha mkono. "Kwa nini mtu akiniunganisha mara ya kwanza sionyeshi kitu, ila akichomoa waya na kuuchomeka uleule tena, naonyesha?"

Feni ya kompyuta inasimama.

"Sijui," nasema.

"Hajui!" anashangilia mwenyekiti. "Hajui jamani!" Watu wanakumbatiana sakafuni. Maana kikundi chetu kina utaratibu wake: swali likimshinda mtoa mada, aliyeliuliza ndiye anayekwenda kulichunguza na kutoa mada mwezi unaofuata. "Katibu, andika. Mwezi ujao, Projekta."

Taa ya projekta inafifia. "Mimi? Hapana. Kuna watu." Kisha inashuka kitandani taratibu na kuchungulia uvunguni. "Jamani, hebu sogeeni."

Tunasogea. Juu yetu nasikia mtu anamaliza chai kwa mlio mrefu, anaweka kikombe, anasimama kutoka kwenye ndoo. "Mwenyekiti," anaanza.

Nikaamka kabla sijasikia alichosema.

Kulikuwa kumepambazuka. Kabati lilikuwa wazi kama siku zote, kompyuta iko mezani, mama anafagia uani. Nikajicheka. Halafu woga ukarudi wote, nikachukua simu niutume ule ujumbe, yaishe.

Ulikuwepo palepale, chini ya jina la Bwana Kobelo, bado haujatumwa.

"Mwenyekiti, nimekunywa chai ya tangawizi, tumbo limepona. Tunakuja."

Niliusoma mara tatu. Nikautuma.

"Mama!" nikaita. "Naomba khanga yako."

"Ya nini asubuhi yote hii?"

"Ya kuifunga kompyuta. Tunakwenda ukumbini, na kuna watu."