Siku Tulipomnyamazia Sista Upepo

Sista Upepo alikuwa ameshavua sare, ameshatuaga kitanda kwa kitanda, mkoba uko begani, ndipo akagongana na Metroni mlangoni mwa wodi yetu ya wanaume.

"Zamu ya mchana hajatokea mtu," Metroni alisema. "Nishikie hapa mpaka nipate wa kukupokea, mdogo wangu."

"Dada, leo ndiyo mwisho wangu. Si umenikumbatia mwenyewe sasa hivi?"

"Nimekukumbatia, na sirudishi. Lakini nina wodi tatu na miguu miwili."

Sista alitutazama. Sisi tukatazama dari, kila mtu kama anayetafuta panapovuja. Akashusha pumzi, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na sare ileile, kola bado mbichi kwa jasho la asubuhi.

Jina la Upepo tulimpa sisi wagonjwa, kwa sababu akipita shuka zinainuka. Vitanda ishirini na nane, na yeye mmoja. Ukutani, juu ya meza yake, ilitundikwa saa aliyozawadiwa kwa kuwa mfanyakazi bora. Aliwahi kuniambia akinifunga bandeji, "Wamenipa saa, mzee, ili nijue nimechelewa kiasi gani kwenda nyumbani."

Mimi nimelazwa hospitali nyingi, maana anayetembea sana huanguka kwingi. Safari hiyo nilianguka kutoka juu ya lori la mbao. Mguu ulining'inizwa kwa kamba kama ndizi zinazongoja kuiva, na wenzangu wakaniita Kiguu na Njia. Kwa hiyo niliyaona yote nikiwa chali.

Alikokuwa anakwenda ni kwenye duka la dawa la shemeji yake, kaka wa mumewe. Hakujisifia mshahara wala cheo. Alisema tu, "Nyuma ya kaunta kuna kiti, mzee. Kina mto."

Simu yake ililia akiwa anabadilisha dripu. Mikono ilikuwa imejaa, akaibonyeza kwa kiwiko pale kwenye toroli ya dawa, sauti ikatoka nje tukasikia wote.

"Shemeji, niko getini. Gari linaunguruma."

"Nipe saa moja, shemeji yangu."

"Saa ya watu au saa ya hospitali? Sikiliza, leo namkabidhi mtu funguo za duka. Kuna binti ananisumbua tangu juzi. Ukinichelewesha, nampa yeye. Usije ukaninunia."

"Nakuja. Nikipata tu wa kunipokea."

Aligawa dawa za mchana. Mwisho alifika kwa Fundi, mshona nguo mmoja mpole, kitanda cha karibu na sinki, aliyepasuliwa tumbo siku iliyotangulia. Akamwinamia.

"Baba, ukihisi unyevu hapa chini ya bandeji, niite. Hata ukiwa kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

Kisha akakaa kwenye kistuli chake aandike. Kalamu ikaandika, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kichwa kikaegemea ukuta chini ya ile saa. Mdomo ukafunguka kidogo, kama wa mtoto.

Dereva wa lori, aliyevunjika mkono lakini si ulimi, aliinuka kitandani akatunong'oneza. "Huyu yuko hapa tangu jana jioni. Atakayemwamsha nitamgonga na hii plasta."

"Na mimi nimebanwa na haja," alisema mmoja.

"Kaza. Wewe si mwanaume?"

Basi tukanyamaza. Mwenye kiu alimeza mate. Mwenye kikohozi aliuma mto, mabega yakimrukaruka. Aliyebanwa alikunja miguu akafumba macho kama anayesali. Wodi ambayo siku zote ni kelele za soko ikawa kama nyumba ya watu waliosafiri. Tulitazamana tukitabasamu, tumejipenda kwelikweli. Hatukuwa na kitu kingine cha kumpa yule mama.

Simu yake ikaanza kutetemeka juu ya toroli, inatembea yenyewe kuelekea ukingoni. Dereva akainyakua, akaifunika kwa mto wake. Ikatetemeka humo mpaka ikachoka.

Sijui alilala muda gani. Hakuna aliyemwamsha. Alisema macho yakiwa bado yamefumba, "Mbona kimya?"

Tukafumba macho, tukijifanya tumelala.

"Wodi hainyamazi," alisema, na hapo akasimama. Hakuuliza tena. Alianza kitanda cha kwanza, anashika mguu, anafunua shuka, anatazama uso, anapita. Alipofika karibu na sinki akafunua, akasimama. Juu shuka lilikuwa jeupe. Chini lilikuwa jekundu mpaka kwenye godoro. Midomo ya Fundi ilikuwa na rangi ya majivu.

"Baba, nilikuambia uniite."

"Ulikuwa umelala, mwanangu," alisema Fundi.

Sista alimkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili. Akishaweka mikono pale hawezi kuitoa, na wa kumtuma hakuna. "Nani ana miguu?" akauliza bila kugeuka. Mwenye miguu alikuwa Dereva peke yake. Alitoka mbio ukumbini akimwita daktari, gauni la hospitali limeachia mgongoni, na wodi ya akina mama ikapata cha kusimulia mwezi mzima. Daktari akaja, machela ikaja, Fundi akasukumwa kwenda kupasuliwa tena, na Sista akaenda naye bado ameegemea lile tumbo.

Alirudi ana damu mpaka viwikoni. Metroni naye akaingia akihema.

Dereva akawahi. "Metroni, huyu hajafumba jicho. Alikuwa anamfunga Kiguu na Njia bandeji, mwulize mzee mwenyewe."

"Nililala," Sista alisema. Alifungua bomba akaanza kunawa. "Nililala, na wao wakaninyamazia. Nani aliwaambia?"

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nikajibu. "Tulitaka upumzike, mwanangu."

"Nawashukuru." Maji yalikuwa yanatoka mekundu, hakuyatazama. "Lakini mtu hupumzika akiwepo wa pili. Wa pili hayupo. Mimi nikilala hapa, hakuna aliye macho."

Metroni akamsogelea. "Umejionea lakini. Bila wewe leo hapa pangekuwa na msiba. Mikono kama hii unaipeleka kwenye kaunta ukauze vidonge vya kichwa? Baki, mdogo wangu. Nitakuombea nafasi nzuri."

"Dada, kila mwaka mnaniambia bila mimi. Hilo mnaloliita sifa ndilo linaloniondoa."

Metroni akakaa kwenye kile kistuli, akavua kiatu kimoja. Vidole vilikuwa vimevimba, vimepandana. "Na mimi," alisema, zaidi kwa kile kiatu kuliko kwetu, "miaka yote hii nani aliniletea wa pili?"

Akakivaa tena kile kiatu.

"Nenda," akasema hatimaye. "Wodi nitaishika mwenyewe."

Sista akavua sare kwa mara ya pili siku ile. Dereva akatoa simu chini ya mto, akamrudishia kwa mkono wake mzima, macho chini. Sista alisoma ujumbe wa shemeji yake.

"Amekwenda," alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Dukani. Na funguo zake."

Hakutulaumu. Ingekuwa nafuu kama angetulaumu. Alipanga mkoba begani, akamwinulia mmoja wetu chupa ya dripu iliyokuwa imeinama, akatoka. Nilimsikia kwenye ngazi, anashuka taratibu, hatua ya mtu mwingine kabisa.

Fundi alipona. Alituma mto wa kitambaa kizuri kwa ajili ya kile kistuli, ukaibwa wiki ileile. Kwa muda wauguzi waliwekwa wawili kila zamu, kisha mmoja akahamishwa. Wakubwa wa hospitali walimleta mtu kuwafundisha wauguzi namna ya kuvuta pumzi ili wasichoke. Metroni alistaafu kabla ya wakati, kwa sababu ya miguu. Dereva amerudi barabarani na mkono umepinda kidogo.

Yule binti ndiye aliyepewa duka. Sista Upepo alikaa nyumbani msimu mzima, mumewe akidhani anaumwa. Nilipopita mji ule tena, nilimkuta katika chumba cha wagonjwa cha shule moja ya bweni. Kabla ya salamu aliniambia nivute suruali aone mguu. Mshahara ni mdogo, alisema, lakini walipomwita kumhoji aliuliza kwanza kama zamu ina watu wawili. Wako wawili. Nilimwuliza kama kazi inampendeza. Akafikiri, akasema analala.

Ile saa iliachwa ukutani, hakuna aliyeibadilishia betri. Mguu wangu uliunga vibaya, na natembea nao hivyohivyo.