Damu Iliyoacha Yenyewe

Cha kwanza nilichokiona ni mbwa. Mama mkwe alikuwa amemwaga maji nyuma ya zizi, maji aliyofulia vitambaa vya kidonda cha baba mkwe, na mbwa alikuwa analamba udongo pale pale. Mbwa halambi maji ya sabuni. Nikajua ni damu.

Baba mkwe alikuwa amerudi kwetu Mwamkulu, nje ya Mpanda, kwa treni kutoka hospitali kubwa ya Mwanza, mume wangu Nathanael akimshika mkono. Walimpasua wakatoa uvimbe kwenye kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Alikonda, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Nilimsikia kupitia ukutani akiwaambia wageni, "Wamenipasua kama mbuzi wa sikukuu, halafu wakasahau kunila." Nilicheka peke yangu jikoni. Kwetu Wasukuma mkamwana hakai na baba mkwe, haangalii mwili wake, wala hatamki jina lake.

Mama mkwe alipoingia jikoni nikamwambia.

"Mayu, yale maji yana damu."

"Umeangalia vitambaa vya mkwe wako?"

"Nimemwona mbwa, mayu."

"Basi mwambie mbwa anyamaze. Imetoka kidogo asubuhi, imeacha yenyewe. Jumapili watu wanakuja kula ng'ombe wa shukrani, nyie mnataka nianze kulia?"

Jioni nikamwambia Nathanael. Yeye mwenyewe, siku aliyorudi kutoka Mwanza, alinisimulia maneno ya daktari: ikionekana damu, hata tone, hata ikiacha, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mshipa wa ndani unaweza kuwa umeliwa, na ile damu ya kwanza ni ya kuonya tu. Nilidhani nikitaja damu ataruka. Akaenda kumuuliza mama yake, akarudi akichokonoa meno.

"Imeacha," akasema.

"Daktari alisema hata ikiacha."

"Nyanzala, treni ni kesho, ng'ombe ni Jumapili. Nimeita ukoo mzima mpaka wa Kibaoni. Niwaambie mbwa wa mke wangu ni daktari?"

"Basi tumpeleke hata hapa Mpanda mjini."

"Wamtundikie dripu? Lala."

Kesho yake nilikuwa shambani nikasikia honi ya treni ikiondoka. Nilisimamisha jembe mpaka honi ikaisha.

Jumapili ng'ombe alichinjwa. Mchungaji aliomba, akamshukuru Mungu kwa mikono ya madaktari. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda na shati jipya. Alisimama ili atoe neno la shukrani, akashika tumbo, akakaa tena, halafu damu ikamtoka mdomoni. Haikuwa kama mtu anayetapika. Ilikuwa kama ndoo imepinduka. Walimpakia kwenye pikapu ya Athuman muuza duka, na kabla hawajafika mjini pikapu ikageuza.

Matanga yalipoisha ukoo ukakaa kikao. Shangazi yake Nathanael akauliza nani alianza kuitaja hiyo damu. Mama mkwe akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu."

"Mkamwana anataja damu ya mkwe wake," shangazi akasema, "halafu tunashangaa imekuja."

Nikamtazama Nathanael. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakaamua mdomo wangu ndio ulioita kifo, nipige magoti niombe radhi, na baba yangu alete mbuzi. Mimi niliishia darasa la nne, na mbele za watu sauti yangu hukatika. Nikapiga magoti. Mbuzi alikuja, wakamla, na Nathanael alikula.

Nimekaa na maneno haya miaka miwili, nikimpakulia Nathanael chakula, nikimwitikia.

Malale. Baba mkwe aliitwa Malale. Malale hakuuawa na mdomo wangu. Nathanael, wewe uliambiwa Mwanza, na mimi nikakukumbusha, na treni ilikuwepo.