Kalvati Lisilo na Pindo

Jumatatu saa nne asubuhi mhandisi alikuwa akichonga penseli wakati shangazi yake, aliyechukuliwa na mafuriko ya mwaka jana, alipoingia ofisini akichuruzika maji. Tarishi alimwekea kiti cha plastiki na beseni chini yake, kama kila Jumatatu. Mbao za sakafu zilikuwa zimeanza kuvimba.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa barabara, karibu na kalvati la kuvushia maji chini ya barabara alilolichora mhandisi mwenyewe. Bomba lake alilikadiria kwa rekodi za mvua za miaka thelathini nyuma, kwa kuwa ndizo zilizokuwamo kabatini, na mvua za siku hizi hazijui kabati. Maji yalikosa pa kupita, yakapita kwa shangazi. Msibani watu walimpa mhandisi pole, naye akazipokea zote.

Leo mezani palikuwa na mchoro wa kalvati jipya, la mtaa wa bondeni wenye nyumba arobaini. Bomba lilikuwa la ukubwa uleule. Shangazi aliinama juu ya karatasi, akasoma kipimo, akaguna.

"Sare zako za shule nilikuwa naziachia nini?"

"Pindo, Shangazi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nakua."

"Na mvua je?"

Mhandisi alijua. Mwezi uliopita alipiga hesabu upya kwa siri, akapata bomba la upana mara mbili. Mkuu wake alichungulia mlangoni, akamwamkia marehemu kwa heshima, kisha akasema mchoro ulishapitishwa, na kuubadilisha ni kukiri kwamba hata kalvati la kwanza lilikosewa.

"Gonga muhuri, bwana. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mhandisi aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akagonga.

Shangazi hakugomba. Alimwekea sawa kola ya shati, ikalowa, akasema masika yakija hatakuja peke yake.

"Watafutie pa kukaa."

Tarishi alihesabu nyumba kwenye mchoro, akaenda stoo. Kufikia saa saba viti arobaini vilikuwa vimepangwa ukumbini, kila kimoja na beseni lake. Mhandisi alipita katikati yake akienda kula, polepole, asije akakisogeza hata kimoja.